Haki Ilikuwa Wapi Kabla ya 1984?

Nalima mpunga Ipyana, wilayani Kyela, na ni mzee wa kanisa la Moravian. Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania inasema tunazaliwa huru na sawa. Mimi nilizaliwa 1950. Serikali ya Nyerere ilikataa kuziweka haki hizo katika Katiba ya 1961, ikihofia mahakama zitaikwamisha. Zikaingia 1984, na mahakama zikazuiwa kuzitetea hadi Machi 1988. Sasa, miaka yote hiyo nilikuwa huru au la?

Mchungaji hujibu haraka: Mungu ndiye mtoaji, Bunge liliandika tu. Sikatai. Lakini huku Kyela ukoo ukimnyang'anya mjane shamba la marehemu kwa jina la mila, Mungu hashuki barazani. Mjane anataka hakimu na nauli (na hakimu asiyekuwa shemeji wa mtu).

Nabii Isaya anatuagiza tumtetee mjane. Ibara ya 26 nayo inamruhusu kila mtu kuchukua hatua ya kisheria kuilinda Katiba. Kumbe mwaka 2020 Bunge likabadili sheria: anayefungua shauri la haki za msingi aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Hapo nabii na Bunge hawakuelewana, na mimi nilimfuata nabii.