Saa za Wenyeji na Njia ya Mgeni

Wako wasafiri waingiao mji wasioujua hali kila hatua yao imekwisha kuandikwa karatasini, na wako waingiao mikono mitupu wakitegemea bahati. Na watu wamezoea kuwahukumu kana kwamba hapana budi kundi moja lisifiwe na la pili lilaumiwe. Hukumu hiyo naiona haina insafu, kwa sababu tadbiri na hiari hazigombei milki moja: tadbiri ina haki juu ya saa, na hiari ina haki juu ya njia.

Aliyepata kutembea Mji Mkongwe wa Unguja ataitambua kauli hii. Vichochoro vyake, tangu Shangani mpaka Malindi, vingi havikupigiwa mstari na mtu yeyote. Huyu alijenga nyumba, jirani naye akajenga yake, na nafasi iliyosalia baina ya kuta ikawa ndiyo njia. Njia ya namna hiyo yataka mtu mwenye wasaa wa kusimama mbele ya mlango mmoja, akaufuata kwa macho mnyororo uliochongwa kupanda miimoni, akawaona samaki walionakshiwa chini yake, akatazama jinsi mfaa ulivyogawa mbao mbili zenye njumu za shaba. Masika maji yakijaa kichochoroni, baraza za mawe zilizokaliwa jana na wanywa kahawa huwa ndiyo njia ya kupita, na hapana ratiba iwezayo kuliandika hilo mapema.

Lakini mji una wenyewe, na wenyewe wana saa zao. Mnada wa samaki katika soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, haumngoji aliyechelewa kuamka; adhuhuri ya Ijumaa maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala; na Ramadhani mchana hupoa, usiku ukachangamka. Asiyejitaabisha kuzijua nyakati hizi asijidai kuwa ni mtu huru, maana kuzijua kabla ya kufika ni heshima, sawa na kupiga hodi.

Aliyejifunga kwa ratiba peke yake naye hudhulumika. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020; na mgeni aliyelifanya jumba lile kuwa kusudi lake lote angeweza kusimama Forodhani akaihesabu safari yake kuwa hasara, ilhali hatua chache kutoka hapo wameketi wazee ambao, kwa salamu njema na kikombe cha kahawa, wangemsimulia jumba zima, ngazi kwa ngazi.

Basi mgeni wa Unguja namsihi aandike saa ya mnada, saa za sala na saa ya boti yake, kisha karatasi aitie mfukoni. Akipotea, na aulize. Mji wenyewe ni mdogo, na mwenye kushika kichochoro asikiache hatimaye hutokea ama pwani ama Darajani.