Balbu Iliyozima Intaneti ya Nyumba Nzima

Bwana mmoja wa Kinyerezi alirudi kutoka Kariakoo Jumamosi akiwa na balbu nne za kuwashwa kwa simu na kamera moja ya getini. Nyumbani alikuwa na rauta nzuri ya bendi mbili, ambayo tangu ifungwe haikuwahi kumsumbua. Alasiri ileile akapanda stuli sebuleni, akafunga balbu ya kwanza, nayo ikaanza kuwaka na kuzima harakaharaka kama kijitabu kilivyoeleza. Akaingiza jina la waifai na neno la siri kwenye programu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mwisho yakaja maandishi mekundu: imeshindikana.

Akarudia, ikawa vilevile. Neno la siri lilikuwa sahihi, maana simu aliyoishika ilikuwa kwenye waifai hiyohiyo na video zinacheza bila kukwama. Akafungua balbu ya pili, nayo ikakataa. Balbu mbili mpya kukataa kwa namna moja ni dalili kubwa kwamba ubovu hauko kwenye balbu. Hapo angetulia. Badala yake akaanza kuishuku rauta.

Tatizo lilikuwa mkononi mwake. Rauta ya bendi mbili hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na nyingi huyaweka yote chini ya jina moja, kisha zenyewe zinaamua simu ikae wapi. Simu iliyo karibu na rauta husukumwa kwenye 5, kwa sababu huko kuna kasi. Balbu haina habari na 5. Nyingi za bei nafuu hutumia vichipu kama ESP8266 vya kampuni ya Espressif ya Shanghai, ambavyo redio yake ni ya 2.4 tu. Si kasoro: balbu haihitaji kasi, na mawimbi ya 2.4 hupenya kuta za matofali vizuri zaidi.

Kuna jambo la ajabu katika kuunganisha vifaa hivi, na ni vyema kulielewa. Balbu bado haijaingia kwenye mtandao, sasa simu itaipaje neno la siri? Njia mojawapo ni simu kurusha hewani vifurushi vya data ambavyo urefu wake ndio ujumbe. Balbu haiwezi kusoma kilichomo, maana kimefichwa, lakini urefu inaupima. Ni kama mtu aliye mbali na ngoma: maneno ya wimbo hayamfikii, mapigo anayahesabu. Simu ikiwa kwenye bendi ya 5, mara nyingi mapigo hayo hayaifikii balbu kabisa, nayo inaendelea kuwakawaka ikisubiri.

Bwana yule hakuyajua hayo. Akaingia kwenye mipangilio ya rauta, akabadilisha aina ya ulinzi, akagusa chaneli, akazima kitu ambacho baadaye hakukumbuka ni kipi. Balbu ikakataa. Akachukua pini, akaichomeka kwenye kile kitundu cha nyuma cha kuirudisha rauta ilivyotoka kiwandani, akakibonyeza mpaka taa zote zikazimika. Ziliporudi, taa ya intaneti ilikuwa nyekundu.

"Baba, mtandao umekatika?" binti yake akauliza kutoka chumbani. Alikuwa na kazi ya chuo ya kutuma kabla ya saa sita usiku.

"Subiri kidogo, mama, naurekebisha."

Haukurekebishika. Ndani ya rauta ile yalikuwamo jina la akaunti na neno la siri la kampuni ya intaneti, yaliyoingizwa na fundi siku ya kufunga. Pini ilifuta yote. Binti alituma kazi yake kwa bando la simu. Baba alikaa kwenye foleni ya huduma kwa wateja hadi usiku, ndipo akasomewa maelezo ya akaunti, tarakimu moja baada ya nyingine.

Intaneti iliporudi, akaipa waifai jina jipya na kuiacha wazi, bila neno la siri, eti vifaa vipate urahisi wa kuingia. Balbu ikakataa tena, kwa kuwa simu ilikuwa palepale, kwenye 5. Na sasa televisheni, printa na kamera ya zamani ya kwenye tangi la maji vilikuwa vinatafuta jina ambalo halipo tena. Angeyarudisha jina lilelile na neno la siri lilelile, vingejiunga tena vyenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu hata mafundi wengine hulisahau.

Jumatatu akaja kijana wa mtandao. Baada ya shikamoo hakuigusa rauta, aliomba simu.

"Mzee, simu hii iko bendi gani?"

Akarudisha jina la zamani kwenye 2.4 na neno lake la siri, bendi ya 5 akaipa jina tofauti. Ulinzi akauweka WPA2, kwa kuwa vifaa vya bei nafuu mara nyingi havielewi WPA3. Chaneli akaipeleka 11, maana majirani walikuwa wamerundikana kwenye 6. Kila alipobadilisha kitu kimoja alijaribu kwanza, ndipo akaenda kwa kingine. Simu ikahamia 2.4, balbu ikaingia haijaisha dakika. Kabla ya kutoboa ukuta wa geti ili kufunga ile kamera mpya, alikwenda kusimama pale na simu, kuona kama mawimbi yanafika.

Kilichomtia hofu kijana huyo ni ile waifai iliyokaa wazi tangu Jumamosi usiku, na kamera ya tangi iliyokuwa bado na neno la siri la kiwandani. Alikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60, ikateka kamera na rauta nyingi mno. Tarehe 21 Oktoba vifaa vilivyotekwa namna hiyo vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, ambayo tovuti nyingi ziliitegemea ili kupatikana, na huduma kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Wenye kamera hizo wengi hawakujua lolote, kwani ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida.

Kwenye boksi la zile balbu, upande wa chini, kulikuwa na maandishi madogo: 2.4 GHz tu. Muuzaji aliyeuza nne kwa mpigo angeweza kumwambia mteja wake hilo wakati anamhesabia chenji, na ningependa kuona wauzaji wa Kariakoo wakilifanya hilo kuwa sehemu ya kazi yao, sawa na wanavyoijaribu balbu kwenye soketi kabla haijatoka dukani.