Kumhukumu Asiyeweza Kujibu

Je, ni haki kumhukumu mtu ambaye hayupo kujitetea? Swali hili hunijia kila nisikiapo wasomaji wakibishana juu ya riwaya ya Josephine Tey, The Daughter of Time, iliyotoka Uingereza mwaka 1951. Humo mpelelezi Alan Grant amelazwa hospitalini, mguu umevunjika. Kwa kuchoshwa na kitanda, anaanza kupeleleza shauri la zaidi ya miaka 400: ni kweli Mfalme Richard wa Tatu aliwaua watoto wa kaka yake?

Mwaka 1483 Mfalme Edward wa Nne alifariki, akaacha wavulana wawili, wa miaka 12 na 9. Baba yao mdogo, Richard, akatwaa kiti. Watoto walikuwa wamewekwa katika Mnara wa London, na hawakuonekana tena. Mwaka 1485 Richard naye aliuawa vitani Bosworth, na sifa yake ikabaki mikononi mwa walioshinda.

Grant anamwona hana hatia, na hapo ndipo wasomaji wanapogawanyika. Wapo wanaokishukuru kitabu kwa kuwafundisha kuuliza: nani alisema, naye alijuaje? Hakika Thomas More, ambaye masimulizi yake yalienea sana, alikuwa mtoto wa miaka kama 7 Richard alipokufa. Wengine hulalamika kwamba Tey ni wakili, si hakimu. Hukumbusha kuwa Mwitalia Dominic Mancini, aliyekuwapo London mwaka 1483, aliandika mwaka uleule kwamba watu walikwisha kushuku kuwa yule mtoto mkubwa ameuawa.

Pande zote mbili zina hoja. Linalonisumbua mimi ni kwamba Grant anaanza kumwonea shaka mwandishi wa historia baada ya kutazama picha ya Richard na kuupenda uso wake. Uso nao ni ushahidi?

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kutenda vivyo hivyo, kwa upande wa pili. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, fedha za wanachuo zilipotea. Nilimsimamisha masomo kijana mmoja kwa kuwa macho yake hayakutulia na wenzake walimsema. Mdhania ndiye kumbe siye. Muhula uliofuata mwizi alijulikana. Nilimwandikia kijana yule arudi, hakurudi.

Mwaka 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa mjini Leicester. Ilionyesha uti wa mgongo uliopinda; juu ya wale watoto haikusema neno. Kwa hiyo mimi husema shauri halijathibitika, na sioni aibu kuliacha hapo. Richard hawezi kuulizwa tena. Kijana yule alisimama mbele ya meza yangu, akiwa hai, nami sikumwuliza.