Raketi Sahihi ni Sahihi kwa Nani?

Swali la raketi ipi ya tenisi iliyo sahihi huonekana kuwa la dukani tu, ilhali ndani yake mna suala la kale la maadili, yaani iwapo usahihi ni sifa ya kitu chenyewe au ni uhusiano kati ya kitu, anayekitumia na kusudi lake. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, alitenganisha wastani wa kihesabu, kama vile sita ilivyo katikati ya mbili na kumi, na wastani unaomhusu mtu, ambao hubadilika kwa kadiri yake: chakula kilicho kidogo kwa Milo, mwanamieleka mashuhuri, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi.

Raketi hudhihirisha hoja hiyo waziwazi. Raketi nyingi za watu wazima huwa na uzito wa kati ya gramu 250 na 340. Iliyo nzito hutulia ikutanapo na mpira wa kasi, lakini huchosha bega lisilozoea, na yenye kichwa kipana humvumilia asiyelenga katikati ya nyuzi. Mpini nao hupimwa kwa kuushika, kisha kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole na kiganja: kisipopenya, mpini ni mwembamba mno, na kikibaki na nafasi, ni mnene mno. Kipimo ni mkono wenyewe.

Mahali napo huingia katika kipimo. Mji wa Kericho, katika nyanda za chai za Kenya, uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi kuliko Mombasa, hata kanuni za kimataifa za tenisi zikaweka aina ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Mchezaji apandaye kutoka pwani huenda akahitaji kuzikaza nyuzi zaidi, kwa kuwa nyuzi zilizokazwa huurusha mpira kwa nguvu ndogo. Tena mvua inayoistawisha michai ya Kericho na Bomet huziharibu mapema nyuzi za utumbo wa ng'ombe, ambazo kwingineko husifiwa kuliko zote.

Hata hivyo, hoja ya Aristotle humchukulia mtumiaji kuwa ndiye mchaguaji, na hapo ndipo inapopungukiwa. Tenisi ilifika katika nchi ya chai pamoja na walowezi na mameneja wa mashamba, na mtoto wa mchumaji chai anayeachiwa raketi kuukuu hana cha kuchagua; huuzoeza mkono wake kwa chombo kilichopimiwa mkono mwingine, na mazoea hayo, ambayo Aristotle mwenyewe aliyaita chimbuko la tabia, yakishakomaa, raketi inayomfaa kwa vipimo vyote itamsumbua. Je, iliyo sahihi ni ipi hapo? Yaelekea jibu halipatikani bila kuihesabu historia ya mkono.

Pengo hilo kati ya anayechagua chombo na anayeathiriwa nacho huwa zito zaidi katika mashamba ya chai. Mchumaji hufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi, ambapo jicho na vidole huamua pamoja, ilhali mashine ya kuchuma hukata chochote kilichofikia kimo chake, na anayeinunua huipima kwa kilo za siku na gharama ya kila kilo. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za namna hiyo Kericho. Kuuita mgogoro huo woga wa teknolojia ni kurahisisha mambo, kwa sababu pande mbili zilikuwa zikipima chombo kimoja kwa makusudi mawili, na ni upande mmoja tu uliokuwa na uwezo wa kuchagua. Mashine inaweza kuwa sahihi kabisa katika hesabu za kampuni, na bado isiwe imepimwa kwa mkono wa yeyote kati ya wale iliowaondoa kazini.