Mvua Iko Njiani, Ndugu wa Luano: Geuka Leo!

Amka, ndugu yangu! Oktoba imefika Luano, hapa Lubumbashi. Joto limepanda, vumbi limejaa puani, miombo imechipua majani mekundu machanga. Wiki chache tu zimebaki, na mvua ya Novemba itaanguka.

Itaanguka, na itakukuta vile ulivyo! Itakukuta umechoka kabla kazi haijaanza? Itakukuta mgongo umekaza, miguu imevimba, pumzi inakatika kwa kupanda ngazi nne? Itakukuta ukisema tena, kama mwaka jana na mwaka juzi, kwamba utaanza Januari?

Usiniambie hujui. Unajua! Unajua kwamba sahani yako ina bukari nyingi na mboga kidogo. Unajua kwamba chupa ya sukre unayofungua kila mchana haikati kiu, inaileta. Unajua kwamba daktari alipokupima tansio na kukunja uso, hakuwa akitania.

Unajua, na bado unangoja. Unangoja nini?

Unangoja fedha? Lenga-lenga inauzwa pale njiani. Unangoja nafasi? Mkeka wako unatosha. Unangoja ugonjwa ukutangulie? Ugonjwa haungoji, na mvua haingoji!

Tazama ndege zinazopaa kutoka uwanja wa ndege hapa kwetu. Ndani yake, mara kwa mara, yumo mwenye mali anayekwenda kutibiwa nchi ya mbali. Ana tiketi, ana daktari wa sifa, ana fedha za kigeni. Lakini ugonjwa wake wa sukari ulianza mezani kwake, hapa hapa Lubumbashi, miaka mingi kabla ya safari ile. Wewe huna tiketi hiyo. Basi anzia pale yeye alipokosea: anzia mezani!

Mababu zetu hawakula chakula kimoja mwaka mzima. Walifuata majira. Walijua mwezi wa masuku, mwezi wa uyoga, mwezi wa viwavi, yaani finkubala. Mvua ya kwanza ilipopiga ardhi, inswa, yaani kumbikumbi, waliruka na watoto wakakimbia na mabakuli. Msitu ulitoa, watu wakala, mwili ukapata kitu kipya kila msimu.

Profesa François Malaisse, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alichapisha mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya msitu huu wetu wa miombo: matunda, uyoga, mizizi, wadudu, asali. Mgeni alipiga magoti, akachunguza, akaandika. Nawe mwenyeji unapita juu ya hazina hiyo ukielekea dukani kununua biskuti!

Rudi! Rudi kwenye lenga-lenga, rudi kwenye matembele, rudi kwenye majani ya maboga. Rudi kwenye maharage na ndagala. Mpe mtoto embe la Desemba badala ya peremende. Finkubala ni nyama kamili, wana protini, wana madini ya chuma, na hakuna friji iliyowagandisha miezi sita.

Sisemi uache bukari. Nani Katanga ataacha bukari? Nasema ipunguze! Bonge liwe dogo, mboga iwe nyingi, unga uwe ule usiokobolewa mpaka ukapoteza pumba zake zote. Nusu ya sahani iwe majani. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Chumvi iwe kidogo, na vile vidonge vya mchuzi vyenye chumvi tele uvihesabu kama chumvi, kwa sababu ni chumvi!

Mama mpishi, jambo hili liko mikononi mwako. Sombe itwange vizuri, ichemshe muda mrefu, kwa sababu jani bichi la muhogo lina sumu ambayo kutwanga na moto huiondoa. Lenga-lenga usiipike hata ikawa tope. Uyoga usioujua usiuguse kabisa: kila mvua hutoa ule unaolisha na ule unaoua, na macho ya haraka hayawezi kuutenga.

Sasa nisikilize juu ya miti na majani, maana hapa wengi wanapotea.

Dawa ya majani ni ya kweli. Mwaka 1972, nchini China, mtafiti Tu Youyou alitoa artemisinini ndani ya mmea wa artemisia, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa za malaria tunazopewa leo katika vituo vya afya zimejengwa juu ya jani hilo. Kwinini nayo ilitoka kwenye gamba la mti, na mti huo hulimwa mpaka Kivu. Basi asikudharau mtu anayesema majani ni upuuzi!

Lakini sikia upande wa pili, na usiuruke. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019: haliungi mkono chai ya artemisia kwa kutibu wala kukinga malaria. Kwa nini? Kwa sababu kipimo cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani, ni kidogo, kinabadilika. Homa inashuka siku mbili, vijidudu vinabaki, ugonjwa unarudi na nguvu. Na dawa inayotumiwa nusu nusu humfundisha adui kuishinda.

Kwa hiyo chagua! Mafua na koo linalowasha, chukua tangawizi, limau na mchaichai, unywe moto. Tumbo lililojaa gesi, tangawizi tena, au majani ya lumba-lumba. Usingizi ukikataa, kikombe cha mchaichai bila sukari. Hayo ni ya jikoni, ni ya kila siku, ni yako. Lakini homa ya mtoto, kimbia ukapimwe malaria! Usimfukize kwanza. Usimnyweshe mizizi kwanza. Usimngojee jirani mwenye chupa. Mtoto mdogo mwenye malaria anaweza kuondoka kati ya jioni na asubuhi.

Na yule anayepanda ndani ya basi na chupa moja inayotibu kisukari, utasa, figo, busha na bahati mbaya? Mkimbie! Mti wa kweli una jina, una kipimo, una ugonjwa wake. Dawa inayotibu yote haitibu chochote, na ini lako na figo zako ndizo zitakazolipa. Ukitumia majani, mwambie daktari. Ukimeza vidonge vya tansio, usiviache kwa ajili ya majani. Ukiwa na mimba, usinywe mzizi usioujua. Mganga wa miti mwenye hekima atakuambia hayo hayo.

Swali lingine, ndugu: jani lako limechumwa wapi?

Unajua mji huu. Mwaka 1911 tanuru la shaba liliwashwa Lubumbashi, na bomba lake la moshi bado linaonekana kutoka mbali. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Wale walioishi karibu na migodi na matanuru walikuwa na kobalti ya kiwango ambacho hakikuwahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Wengi wao hawakuwa wachimbaji. Kobalti iliingia kwa vumbi, mikono, chakula.

Basi usichume dawa kando ya barabara ya malori! Usilime mboga kwenye udongo wa mabaki ya mgodi. Usimwagilie kwa maji yanayotoka kiwandani. Usianike muhogo na ndagala mahali vumbi la magari linapotua. Osha majani kwa maji safi, mara mbili, mara tatu. Osha mikono ya watoto kabla ya kula, maana wao hucheza chini na kulamba vidole. Jani lililoota kwenye sumu hubeba sumu, hata kama bibi yako analiita dawa.

Na miti yenyewe inakwisha! Kila gunia la makala linaloingia mjini lilikuwa mti. Moto wa Agosti unapita, shoka linapita, na mwaka unaofuata dawa iliyokuwa hatua kumi nyuma ya nyumba iko mbali, ukitembea siku nzima. Usimenye gamba la mti kulizunguka shina lote, maana mti utakufa. Menya kipande upande mmoja, ufunike jeraha kwa udongo, uende mti mwingine. Panda mlonge nyuma ya nyumba, panda mchaichai ukutani, panda tangawizi kivulini. Panda sasa, mvua ioteshe!

Nimesema sahani, nimesema majani. Imebaki pumzi.

Desemba 2014 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio, nchi 177 zikaliunga mkono, na kuanzia mwaka 2015 tarehe 21 Juni ikawa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Kaskazini ya dunia hiyo ndiyo siku yenye mwanga mrefu kuliko zote. Kwetu Luano ndiyo fupi kuliko zote, katikati ya baridi, wakati watu wamejikunyata kuizunguka mbabula ya makala, madirisha yamefungwa, vifua vinakohoa. Na humo ndani hewa ya makala isiyo na harufu huua watu usingizini! Unaona jinsi tulivyougeuza msimu? Baridi inatuita tusimame, tunyooshe viungo, tujipashe moto kwa damu yetu wenyewe. Sisi tunakaa.

Utasema yoga ni ya Wahindi. Kweli, ilizaliwa India, na ndani yake kuna mambo ya dini yao. Hukuombwa kuimba nyimbo zao wala kuinamia sanamu. Umeombwa kupumua! Umeombwa kuinama, kusimama, kunyamaza. Pumzi alikupa Muumba wako kabla hujajua kusema. Nairobi, tangu mwaka 2007, mradi wa Africa Yoga Project umewafunza vijana wa mitaa ya maskini, nao wamekuwa walimu wa wenzao. Hawakuwa na ukumbi wa kioo. Walikuwa na mwili na sakafu.

Fanya hivi. Alfajiri, kabla ya simu, tandika mkeka uani. Simama pekupeku. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita. Fanya hivyo mara kumi. Inua mikono juu, inama taratibu, acha mgongo uning'inie. Piga magoti, nyoosha mikono mbele kama anayesujudu, tulia. Kaa, geuza mabega kulia, geuza kushoto. Dakika kumi na tano zimekwisha, na damu imeamka! Mjamzito na mwenye tansio wasiweke kichwa chini, wasibane pumzi, wamuulize kwanza muuguzi. Wengine wote, udhuru wenu uko wapi?

"Nimechoka." Umechoka kwa sababu hujongei! "Mboga ni chakula cha maskini." Maskini wa kweli ni anayelipia ugonjwa! "Baba yangu alikula hivyo hivyo akazeeka." Baba yako alitembea kwenda shambani, akalima, akarudi kwa miguu. Wewe unapanda pikipiki kwenda kununua mkate!

Sikuahidi miujiza. Lenga-lenga haitazuia kila ugonjwa, mchaichai hautafufua figo, mkeka hautachukua nafasi ya hospitali. Lakini mwili uliolishwa vizuri hustahimili. Mwili unaojongea hupambana. Mwili uliozoea kupumzika hupona upesi kuliko ule uliochakazwa.

Na mvua hii haiji mikono mitupu. Inaleta maembe na uyoga, lakini inaleta mbu vilevile, inaleta kipindupindu, inafurika visima na vyoo. Tengeneza chandarua kabla ya tone la kwanza! Chemsha maji ya kunywa. Kariri kipimo hiki, na uwafundishe watoto: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtu akianza kuharisha, mpe huku mkimpeleka kituo cha afya. Wengi wamekufa kwa sababu ya maji waliyopoteza, na maji yalikuwa ndani ya nyumba.

Njia ni mbili tu, ndugu yangu. Moja ni ya kungoja, nayo ni rahisi leo, nzito kesho, na mwisho wake ni deni la hospitali na watoto walioacha shule. Nyingine ni ya kugeuka, nayo ni ngumu wiki ya kwanza, nyepesi mwezi wa pili, na mwisho wake ni miguu inayokubeba mwenyewe uzeeni.

Geuka leo! Usiku huu punguza bonge, ongeza majani, kunywa maji badala ya sukre. Kesho alfajiri tandika mkeka. Jumamosi tafuta jembe, tengeneza tuta, panda. Wiki hii hii nenda upimwe tansio na sukari, hata kama husikii maumivu, kwa maana magonjwa hayo mawili hukaa kimya miaka mingi.

Na usiende peke yako. Mchukue mkeo, mchukue mumeo, gonga mlango wa jirani anayekohoa. Weka gazeti hili chini, simama, uende sasa hivi!