Makunyanzi na Shikamoo

Kliniki za Houston na Dallas hukutoa damu, huizungusha kwenye mashine, kisha hukudunga plazma yake usoni ili ngozi itengeneze kolajeni mpya. Sayansi ipo, miujiza haipo: umri huzidi kuipunguza kolajeni, na jua huiharibu. Hatari nayo ipo: mwaka 2024 CDC iliripoti kuwa wateja wa spa moja ya New Mexico, iliyofungwa 2018, yaelekea waliambukizwa VVU kwa sindano za namna hiyo.

Je, ni vibaya kutaka ngozi nyororo? Hapana; kujitunza si uongo. Ubaya ni kuuonea haya umri. Kwetu makunyanzi huamkiwa shikamoo. Mtoto anayemwona mama akihangaika kuyafuta, atamtazamaje bibi yake? Tuitunze ngozi, tusiudharau uzee.