Darasa la Kuhamishika na Amana ya Ardhi

Darasa la kuhamishika ni chumba chenye fremu ya chuma na kuta za mabati, kilichofungwa kwa nati ili kiweze kufunguliwa na kupelekwa kwingine. Haja ya vyumba vya haraka iliongezeka Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, elimu ya msingi ilipofanywa bure: Uganda mwaka 1997, Kenya mwaka 2003, ambapo wanafunzi zaidi ya milioni 1 waliongezeka ndani ya mwaka mmoja. Haraka hiyo ilizua swali zito: je, ni haki kumjengea mtoto darasa kwa kuila ardhi atakayoirithi?

Biblia humweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kurani humwita khalifa. Katika zote mbili ardhi ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Lakini mtoto naye ni amana. Ndipo ugumu ulipo.

Tofali la kuchoma hula miti. Saruji, ambayo Tororo huitengeneza kwa mawe ya chokaa, huhitaji tanuri la nyuzi joto zipatazo 1450 za Selsiasi. Mabati ni mepesi, ila adhuhuri chumba hugeuka tanuri, na mvua ikipiga, mwalimu hunyamaza na kuandika ubaoni tu.

Njia bora zaidi ni tofali la kufungamana, lililoendelezwa Uganda na Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Udongo mwekundu huchekechwa, huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali hukaa kivulini likimwagiliwa maji. Halichomwi. Ukuta wake hupata joto polepole kuliko bati.

Hata hivyo, Budalang'i, upande wa Kenya, ambako mto Nzoia ulivunja kingo zake mwaka 2020, darasa la kuhamishika bado linahitajika ili liweze kuondolewa penye mafuriko. Kosa ni kulijenga ovyo kwa kisingizio kwamba ni la muda: ng'ambo ya mpaka, kwa mfano, shule ya msingi Uganda ni miaka 7, na mtoto anaweza kuimaliza yote ndani ya "muda" huo. Fremu ibaki ya nati, paa liinuliwe juu ya ukuta joto litoke, na chini ya bati itandazwe mikeka ya mafunjo kupunguza kishindo cha mvua. Mafunjo huota kwenye vinamasi vya huko huko, na mkeka ukichakaa husukwa mwingine.